Kipimo kipi kinamfaa fundi anayefunga umeme majumbani?

Swali: Fundi umeme wa Morogoro, mwenye cheti cha VETA na leseni ya EWURA, ameuliza hivi: "Tangu nianze kazi nimetegemea maltimita na testa ya bisibisi. Sasa nataka kununua kipimo cha uhakika cha kukagulia nyumba nikimaliza kufunga waya. Nina shilingi milioni mbili. Nimeona njia tatu. Kuna kifaa kimoja kinachopima kila kitu, kilichokwisha kutumika, ambacho ndugu yangu aliyeko Uingereza anaweza kuninunulia. Kuna kifaa kipya cha aina hiyohiyo, chenye jina nisilolijua, kinachouzwa mtandaoni kwa bei nafuu. Na kuna vifaa viwili vitatu tofauti, kila kimoja na kazi yake. Nichukue kipi, na je, ni lazima kihakikiwe kila mwaka?"

Jibu: Ndugu fundi, kifaa cha Uingereza kinakufaa iwapo kinapima ethi rodi (nondo ya ardhi ya nyumba) kwa vijiti vya kuchomeka ardhini, na iwapo kitapita ukaguzi nitakaoueleza hapa chini. Kikikosa mojawapo ya hayo, nunua vifaa tofauti, ukianza na kile kinachopima kihami cha waya (ganda linalozuia umeme usivuje) pamoja na mwendelezo wake (kwamba waya haujakatika wala kulegea njiani), kisha kile cha kupimia ethi rodi. Hicho cha bei nafuu kisichojulikana kiache dukani. Nitaeleza sababu kwa urefu, kwa kuwa maelezo ya wauzaji huandikwa kwa kufuata nyumba za Ulaya, na fundi anayeyafuata bila kuyachuja anaweza kulipia sana kipimo ambacho hatakihitaji mara kwa mara na kukikosa kile ambacho kila nyumba yake inakidai.

Tuanze na nyumba zenyewe. Katika makazi mengi ya kawaida hapa Tanzania, nguzo huleta waya mbili tu, wa moto na nyutro, na ardhi ya nyumba hutoka kwenye ethi rodi iliyopigiliwa karibu na ukuta. Wahandisi huuita mfumo huu TT. Katika mfumo wa TN, ambao umeenea sana katika miji ya Uingereza, ardhi huja pamoja na waya za kampuni ya umeme, kwa hiyo mkondo wa hitilafu hurudi kwenye transfoma kupitia chuma tupu. Kwetu hurudi kupitia udongo, na udongo ni njia mbaya ya umeme.

Chukua ethi rodi yenye urefu wa mita 1.2 na kipenyo cha milimita 16, iliyozama katika udongo wenye ukinzani mahususi wa omu-mita 100, ambao hauhesabiki kuwa udongo mbaya. Kanuni ya kawaida ya hesabu inatoa ukinzani wa karibu omu 72. Sasa tuseme waya wa moto umegusa bodi, yaani ganda la chuma, la jiko la umeme katika nyumba hiyo. Mkondo utakaokwenda ardhini ni volti 230 kugawanya kwa omu 72, yaani takriban ampea 3.2, na kwa kweli utapungua kidogo kwa sababu ardhi ya transfoma nayo ina ukinzani wake. Breka ya ampea 16 ya aina C inaweza kuhitaji hadi ampea 160 ili ikate papo hapo. Ampea 3.2 kwake ni kama taa na feni zimewashwa. Haitakata leo wala kesho. Bodi la jiko litabaki na volti zinazozidi 200 mpaka mtu aliguse, na LUKU itaendelea kupungua kwa uniti zinazokaribia 17 kwa siku huku mwenye nyumba akiwalaumu wapangaji.

Kwa hiyo, katika nyumba ya TT, breka za kawaida hulinda waya usiungue, lakini kinachomlinda mtu ni RCD, swichi inayokata umeme ukivuja kwenda ardhini, ambayo dukani utaisikia pia ikiitwa RCCB, ikishirikiana na ethi rodi. RCD ya miliampea 30 huhitaji mkondo mdogo sana ili ikate, na ndiyo maana inaweza kufanya kazi hata kwa ethi rodi ambayo breka haiwezi kuitegemea. Kanuni ni kwamba ukinzani wa ardhi ukizidishwa kwa mkondo wa RCD usizidi volti 50; kwa miliampea 30 jibu ni omu 1,667. Usijifariji na namba hiyo kubwa. Kanuni za Uingereza, BS 7671, zinatahadharisha kwamba ardhi inayozidi omu 200 inaweza isiwe thabiti, kwa sababu udongo uliopimwa wakati wa masika si udongo uleule utakaokuwapo baada ya miezi minne ya jua. Ukipata omu 150 mwezi wa Aprili, piga rodi nyingine au zamisha zaidi. Katika udongo ule wa mfano wetu, kuzamisha rodi hadi mita 2.4 kunashusha ukinzani kutoka omu 72 hadi karibu 40, na katika maeneo mengi tabaka la chini lina unyevu zaidi, kwa hiyo faida halisi huwa kubwa kuliko hesabu inavyoonyesha.

Jambo la pili la kwetu ni utaratibu wa kazi. Mkandarasi humaliza kufunga waya, husaini fomu na kugonga muhuri, ndipo TANESCO huja kuunganisha. Maana yake ni kwamba unapoweka jina lako kwenye karatasi, nyumba haina umeme. Vipimo vyote unavyoweza kufanya wakati huo ni vile visivyohitaji umeme wa laini: mwendelezo wa waya, ukinzani wa kihami, na ukinzani wa ethi rodi. Muda wa RCD kukata na ukinzani wa lupu ya hitilafu (njia nzima ambayo mkondo wa hitilafu huzunguka kupitia ardhi hadi transfoma na kurudi) vinasubiri mita ifungwe. Kwa mantiki hiyo, fundi mwenye bajeti ndogo hununua kwanza vipimo vya nyumba isiyo na umeme, kisha vya nyumba iliyowashwa. Fundi wengi huanzia upande wa pili, kwa sababu kifaa kinachoandika milisekunde za RCD kwenye kioo kinampendeza mteja.

Niseme sasa kila kipimo kinadai nini kwenye kifaa.

Kihami cha waya za nyumba ya volti 230 hupimwa kwa volti 500 za mkondo mnyoofu, na viwango vya kimataifa vya IEC 60364 vinataka usomaji usipungue megaomu 1. Huo ni mstari wa chini kabisa. Waya mpya zilizofungwa vizuri husoma mamia ya megaomu, na ukiona megaomu 2 katika nyumba mpya, tafuta tatizo hata kama fomu inakuruhusu kupita. Mara nyingi utakuta paipu lina maji yaliyoingia wakati wa kupiga plasta, au msumari wa dari umegusa waya, au boksi la swichi limebana kihami. Maltimita haiwezi kuona hayo kwa sababu hupima kwa volti chache za betri, na kihami kilichochubuka husimama imara mbele ya volti 3 kikavunjika mbele ya volti 500. Kifaa unachokitafuta kiwe na ngazi za volti 250 na 500 angalau. Ile ya 1,000 ni ya ziada kwa kazi za majumbani. Ngazi ya 250 utaihitaji pale ambapo kuna kizuia radi kwenye boksi la breka ambacho hakikuchomolewa, kwa kuwa kwa volti 500 chenyewe kinaweza kupitisha mkondo na kukupa usomaji wa uongo. Kiwe pia na uwezo wa kuondoa chaji iliyobaki kwenye waya ukishaachia kitufe, maana waya mrefu huhifadhi umeme na unaweza kukupiga baada ya kipimo kwisha.

Angalizo moja hapa lina thamani ya fedha: kabla ya kupiga volti 500 kati ya moto na nyutro, ondoa taa zote za LED, vidhibiti vya feni, na kila kifaa chenye elektroniki, kisha hakikisha mita haimo kwenye njia unayopima. Fluke 1664 FC, mojawapo ya vifaa vinavyopima kila kitu, hukagua kwanza kama kuna kifaa kilichounganishwa, na ikikiona husimamisha kipimo. Ni kitu kizuri, ila hailazimu kukilipia. Macho na bisibisi vinatosha kwa fundi asiyekuwa na haraka.

Mwendelezo wa waya, hasa waya wa ethi kutoka boksi la breka hadi kila soketi, ndipo maltimita hudanganya kwa upole zaidi. Inalia, nawe unaridhika. Lakini kiwango cha vifaa vya ukaguzi, IEC 61557, kinadai mkondo wa angalau miliampea 200 na volti kati ya 4 na 24, na usomaji unaofika sehemu moja ya mia ya omu. Angalia kwa nini: waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba una takriban omu 0.0074 kwa kila mita, kwa hiyo mita 20 ni omu 0.15. Waya za kupimia za maltimita yako peke yake zinaweza kuwa na zaidi ya hiyo. Kifaa kinachofaa kinakuruhusu kugusanisha ncha zake, kubonyeza sifuri, na kuondoa ukinzani wa waya zake kabla ya kupima. Hapo ndipo utakapoona kwamba soketi ya chumba cha mwisho inasoma omu 0.9 badala ya 0.2, ukafungua na kukuta skrubu iliyobana plastiki badala ya shaba.

Uwezo huohuo una kazi nyingine ambayo mimi ningenunulia kifaa hata kama isingekuwapo sababu nyingine yoyote. Soko letu lina waya wa bandia: uliopungua unene, au wa alumini uliopakwa shaba kwa juu. Roli la mita 100 la waya wa milimita 2.5 za mraba wa shaba halisi halipaswi kuzidi omu 0.74 katika nyuzi joto 20, na katika nyuzi 30 za dukani mchana uruhusu hadi karibu 0.77. Pima ncha mbili za roli kabla hujalipa. Ukisoma omu 1.1 au zaidi, hiyo si shaba ya milimita 2.5, haijalishi maandishi kwenye ganda yanasema nini wala muuzaji anaapa kwa nani. Bila shaka uhakikishe pia urefu, kwa kuwa roli lililopunjwa mita litasoma vizuri kwa sababu mbaya.

Sasa ethi rodi. Njia ya kuaminika ni ile ya vijiti viwili. Unazima kila kitu na kuifungua rodi kutoka kwenye waya za nyumba, unachomeka kijiti kimoja mbali, unachomeka cha pili katikati, na kifaa kinasukuma mkondo kupitia kile cha mbali huku kikipima volti kwenye kile cha kati. Kwa rodi moja fupi, kijiti cha mbali kikae mita 20 au zaidi kama uwanja unaruhusu, na cha kati kikae kwenye asilimia 62 hivi ya umbali huo. Kisha sogeza cha kati mita moja mbele na mita moja nyuma na upime tena. Masomo matatu yakikaribiana, una jibu. Yakipishana sana, vijiti viko karibu mno na rodi na namba uliyopata haina maana. Udongo ukiwa mkavu, mwagia maji kwenye vijiti bila wasiwasi. Kumwagia rodi yenyewe ndoo mbili kabla ya kupima ni kujidanganya, nami nimekwisha kuliona hilo likifanywa mbele ya mkaguzi.

Kifaa kama Kyoritsu 4105A hufanya kazi hii peke yake, nacho huja na waya na vijiti vyake. Watakuonyesha pia klampu inayovishwa kwenye waya wa ethi bila kuchomeka chochote, na utaona ni rahisi kupita kiasi. Klampu hiyo hufanya kazi pale ambapo kuna njia nyingine ya ardhi inayokamilisha mzunguko, kama kwenye minara au majengo yenye rodi nyingi zilizounganishwa. Kwenye rodi moja ya nyumba ambayo bado haijaunganishwa na chochote, haina mzunguko wa kupima. Usiinunue kwa kazi yako.

Tukifika kwenye nyumba iliyowashwa, kipimo cha kwanza ni cha RCD. Wengi hubonyeza kile kitufe kidogo cha majaribio na kuhesabu kwamba kazi imekwisha. Kitufe hicho hupitisha mkondo ndani ya RCD yenyewe, kati ya moto na nyutro, kwa hiyo kitakata vizuri hata katika nyumba isiyo na ethi rodi kabisa. Kinathibitisha kwamba chuma na springi havijakwama, basi. Kifaa cha kupimia hupitisha mkondo halisi kutoka kwenye soketi kwenda ethi na kuhesabu muda: kwa nusu ya mkondo, yaani miliampea 15, RCD ya 30 isikate, kwa miliampea 30 ikate ndani ya milisekunde 300, na kwa mara tano, miliampea 150, ikate ndani ya milisekunde 40. Hakikisha kifaa kinaweza kuanza kipimo kwenye nusu zote mbili za wimbi, kwa kuwa RCD moja inaweza kuwa nyepesi upande mmoja na nzito upande mwingine, na kwamba kinapima pia RCD za aina A, ambazo zinazidi kuhitajika kutokana na vifaa vya elektroniki majumbani.

Kuna kipimo cha kupandisha mkondo polepole ambacho wauzaji hawakisemi sana, nacho kitakuokoa siku mteja atakapopiga simu kwamba RCD inakata kila usiku. Kinakuonyesha RCD inakata kwa miliampea ngapi hasa. Ikiwa inakata kwa 22 au 24 vifaa vyote vikiwa vimechomolewa, RCD ni nzima na shida iko kwenye friji au hita ya maji. Ikiwa inakata kwa 9, basi ama RCD imechoka ama waya za nyumba zinavuja.

Vifaa vingi vya RCD hukagua kwanza volti itakayotokea kwenye ethi wakati wa kipimo, na ikiwa itazidi 50 hukataa kuendelea. Fundi hudhani kifaa kimeharibika. Kumbe rodi ina omu 400, na miliampea 150 mara omu 400 ni volti 60. Shughulikia rodi kabla ya kulaumu kifaa.

Kuhusu lupu ya hitilafu nitasema machache. Katika nyumba za TN, kipimo hiki ndicho moyo wa ukaguzi: breka ya ampea 32 ya aina B inahitaji lupu isiyozidi omu 1.37, na ile ya ampea 16 ya aina B isiyozidi 2.73, ikiwa tunahesabu volti 230 zikiwa zimeshuka kwa asilimia 5. Utakutana na hali hii kwenye majengo makubwa yenye transfoma yao wenyewe. Kwenye nyumba zako za TT, lupu itasoma makumi au mamia ya omu, na usahihi wa sehemu moja ya mia ya omu ambao kampuni hujivunia hauna kazi pale. Hata hivyo kipimo cha lupu kina faida moja kubwa kwetu: usomaji wake unajumlisha ethi rodi ya nyumba na ardhi ya transfoma, kwa hiyo ukinzani wa rodi hauwezi kuzidi namba hiyo. Katika mtaa ambao uwanja wote umemwagwa zege na hakuna pa kuchomeka kijiti, kipimo cha lupu kwenye soketi kinakupa kikomo cha juu cha rodi. Kifaa kiwe na hali ya kupima bila kuangusha RCD, la sivyo kila kipimo kitazima nyumba nzima. Na usipime wakati jenereta linaendesha nyumba, au volti zinapocheza. Namba zitaruka kila mara utakapobonyeza.

Sasa turudi kwenye njia zako tatu.

Kifaa cha Uingereza kina hoja nzuri. Umeme wa kule ni volti 230 na hezi 50 kama wetu, na soketi ni zile zile za pini tatu bapa, kwa hiyo waya yake ya kuchomeka kwenye soketi itaingia bila adapta. Hali ni tofauti kabisa na ndugu aliyeko Marekani: vifaa vya kukagulia soketi vinavyotengenezwa kwa soko la kule ni vya volti 120 na hezi 60, na hata akikupa bure visikushawishi. Soko la vifaa vilivyotumika Uingereza ni kubwa, nawe utaona majina kama Megger mfululizo wa MFT1700, Metrel na Fluke mfululizo wa 1660. Hatari iko kwenye namba ya mwisho ya jina. Katika mfululizo mmoja, ganda ni lilelile na rangi ni ileile, lakini matoleo ya chini yamepunguziwa vipimo, na kile kinachopunguzwa mara nyingi ni ethi rodi, kwa kuwa fundi wa mjini kule hakihitaji sana. Mwambie ndugu yako asome kitabu cha maelezo cha toleo lenyewe, asitegemee maneno ya muuzaji, na aulize kama waya ndefu na vijiti vimo; mara nyingi wenye kifaa hawajawahi kuvifungua, au walivipoteza zamani. Aombe pia cheti cha mwisho cha uhakiki, picha ya sehemu ya betri ikiwa wazi ili aone kama kuna kutu ya betri iliyovuja, na picha ya ncha za kupimia.

Hicho kipya kisichojulikana nakikataa kwa sababu ya usalama kuliko usahihi. Kifaa kinachoguswa kwenye boksi la breka kinapaswa kuwa na daraja la CAT III kwa volti 300 au zaidi, maana yake kiweze kuhimili mshtuko wa volti nyingi unaotoka kwenye laini bila kulipuka mkononi. Mtu yeyote anaweza kuchapisha "CAT III 1000V" kwenye plastiki. Fungua kifuniko cha fyuzi: ukikuta fyuzi ndogo ya kioo kama ya redio, au usipokuta fyuzi kabisa, na kitabu hakielezi kinga nyingine yoyote, maandishi yale ni mapambo. Kifaa cha bei nafuu cha China si lazima kiwe kibaya. Kuna kampuni za kule zenye jina, zenye kitabu cha maelezo kinachosomeka na namba za IEC 61557 zilizotajwa sehemu kwa sehemu. Tatizo ni kile kisicho na kampuni ya kuuliza.

Vifaa tofauti ndiyo njia ya fundi anayejenga polepole, nami naipenda kuliko inavyosifiwa. Kimoja kikiharibika, vingine vinaendelea na kazi. Kifaa cha kihami na mwendelezo kama Kyoritsu 3132A, cha mshale, hufanya kazi ya kila siku; cha ethi rodi mnaweza kukinunua mafundi wawili au watatu kwa pamoja, kwa kuwa kila nyumba inakihitaji mara moja tu; na cha RCD, kama 5406A ya kampuni hiyohiyo, au kimoja kinachounganisha RCD na lupu, kitafuata fedha zikipatikana. Kwa milioni mbili utaanza na viwili vya kwanza, na mpaka upate cha RCD, kikodi au kiazime kwa mwenzako siku TANESCO watakapounganisha nyumba. Usiiache nyumba ya TT bila kipimo hicho kwa sababu tu fomu ilikwisha kupita.

Katika bajeti hiyohiyo tenga sehemu ndogo kwa kipima volti cha ncha mbili, kile cha taa kadhaa kisichotegemea kubadilisha ngazi. Testa ya bisibisi haikwambii kwamba waya hauna umeme. Inakwambia tu kwamba haijawaka, na inaweza kukosa kuwaka kwa sababu umevaa viatu vya mpira au jua ni kali. Jaribu kipima chako mahali penye umeme, pima waya unaotaka kuugusa, kisha ukijaribu tena palepale penye umeme. Ncha zake ziwe na kinga ya vidole, na chuma kilicho wazi kisizidi milimita 4.

Mwisho, uhakiki, yaani kulinganisha kifaa na kipimo kinachojulikana kuwa sahihi. Watengenezaji wengi hushauri mwaka mmoja, na kwa kazi ambayo mteja au mkaguzi anadai cheti huna njia ya kukwepa. Shirika la Viwango Tanzania lina Maabara ya Ugezi. Waulize kwanza kama wanapokea kifaa cha aina yako na vipimo vyake vyote, kwa kuwa kifaa cha kazi nyingi kina vipimo vingi ndani yake na cheti kinaweza kuhusu baadhi tu. Kati ya uhakiki mmoja na mwingine, jitengenezee kisanduku cha kukagulia. Weka rezista ya omu 1 kwa ajili ya mwendelezo. Kwa kihami, unganisha rezista nne za megaomu 1 moja baada ya nyingine, upate megaomu 4. Usitumie moja peke yake, kwa kuwa rezista ndogo za kawaida hazikutengenezwa kubeba volti 500, lakini zikiwa nne kila moja inabeba 125 tu. Chagua zenye uvumilivu wa asilimia 1. Kifaa kikitoka kwenye uhakiki, pima kisanduku na uandike masomo kwenye daftari pamoja na tarehe na namba ya kifaa. Kwa lupu, chagua soketi moja nyumbani kwako na uipime kila mwezi, ukikumbuka kwamba katika TT namba itapanda na kushuka na mvua. Kisanduku kikianza kusoma tofauti na daftari kwa zaidi ya usahihi ulioandikwa kwenye kitabu cha kifaa, badilisha kwanza betri na waya za kupimia, kwani ndizo huharibika kabla ya kifaa. Tofauti ikibaki, kipeleke kikahakikiwe bila kungoja mwaka utimie, na nyumba ulizozikagua tangu usomaji wa mwisho mzuri uzipime upya.